Mkopo wa HESLB: mwongozo kamili wa kuomba, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi bumu la kwanza

Kila mwaka orodha za mikopo ya elimu ya juu zikitoka, vijiweni yanazuka maneno yale yale: mtoto wa mwenye gari kapata, mtoto wa mama ntilie kakosa, basi kuna mkono wa mtu. Sitaki kubishana na kila kisa. Ila mtu akikaa na fomu za vijana hawa moja baada ya nyingine, anagundua jambo. Bodi ya Mikopo haimjui mama ntilie. Inajua cheti chenye namba ya uhakiki, namba ya mtihani, namba ya kaya ya TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini) na fomu yenye muhuri. Hali ngumu ambayo haikuwekwa kwenye karatasi, mfumo hauna namna ya kuiona. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kufanya kabla hujagusa kompyuta.

Unachoomba ni nini

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo wengi tunaiita HESLB, iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Inachotoa ni mkopo. Utaurudisha, na hilo nitalirudia tukifika kwenye mkataba.

Kwa shahada ya kwanza unaruhusiwa kuomba ukiwa Mtanzania, umri wako hauzidi miaka 35 wakati wa kuomba, una udahili wa masomo ya muda wote kwenye chuo kinachotambuliwa nchini, huna ajira wala mkataba unaokuingizia mshahara, na ulimaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Hilo la miaka mitano huwakata wengi waliokaa nyumbani wakisubiri hali iwe nzuri kwanza.

Mkopo umegawanyika mafungu. Ada inalipwa moja kwa moja chuoni, wewe huishiki. Chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kiwango hicho kilipanda kutoka 8,500. Vitabu na viandikwa ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Kisha kuna mafunzo kwa vitendo, utafiti, na mahitaji maalumu ya kitivo kwa kozi zinazohitaji vifaa. Fedha ya chakula na malazi ndiyo wanachuo wanayoiita bumu, na ukisikia mtu anasema "bumu limesoma", ujue simu yake imepokea ujumbe wa benki.

Kabla hujaendelea, jipime kama njia yako ni nyingine. Waliofanya vizuri sana kidato cha sita kwenye masomo ya sayansi wana Samia Scholarship, iliyoanza 2022/23, na hiyo ni ruzuku isiyorudishwa kwa wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi, teknolojia na hisabati. Wa stashahada nao, tangu 2023/24, wana mikopo yao, lakini kwa fani za kipaumbele tu kama afya, madini, nishati, usafirishaji na kilimo. Ukiwa na stashahada nje ya orodha hiyo usipoteze ada ya maombi. Wazanzibari wana bodi yao pia, ZHELB. Chagua moja, maana mwanafunzi mmoja hafadhiliwi na bodi mbili kwa pamoja.

Anza Machi, si Agosti

Dirisha la maombi kwa miaka ya karibuni limekuwa likifunguliwa katikati ya mwaka. Mwaka 2024, kwa mfano, lilifunguliwa 1 Juni na tarehe ya kufunga iliyotangazwa mwanzoni ilikuwa 31 Agosti. Miezi mitatu inaonekana mingi mpaka utazame ratiba ya mhitimu wa kidato cha sita. Mtihani ni Mei. Baada ya hapo, aliyeitwa JKT kwa mujibu wa sheria yuko kambini, simu hana au anaishika kwa nadra. Matokeo ya NECTA yanatoka Julai. Udahili wa vyuo unafunguliwa baada ya matokeo. Kijana anarudi kutoka kambini ngozi imeungua jua, anakuta wiki chache zimebaki na cheti chake cha kuzaliwa bado hakijahakikiwa.

Dawa yake ni kugawana kazi nyumbani mapema. Kati ya Januari na Aprili, mzazi au kaka mkubwa akusanye vyeti, apeleke uhakiki, amtafute mdhamini. Mwanafunzi akienda kambini awe amemwachia mtu mmoja anayemwamini bahasha yenye nakala za kila kitu. Maafisa wa Bodi wamekuwa wakizitembelea kambi za JKT kutoa elimu ya uombaji. Wakifika kwenu, kaa mbele, uliza.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui: huhitaji kusubiri jina lako litoke kwenye orodha ya waliodahiliwa ndipo uombe mkopo. Unaomba kwanza, na Bodi baadaye inapata taarifa za udahili na kuzilinganisha na maombi. Anayesubiri chuo kwanza mara nyingi hukuta dirisha limefungwa.

Majina na namba

Kinachokuunganisha na mifumo yote hii ni namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, ile yenye sura ya S0123/0045/2021. Unayoitumia kuombea chuo ndiyo hiyo hiyo uitumie kuombea mkopo. Ukitumia moja huku na nyingine kule, Bodi itaona watu wawili: mmoja kaomba mkopo bila chuo, mwingine ana chuo bila kuomba mkopo. Kama ulirudia mtihani na una namba zaidi ya moja, zitaje zote pale mfumo unapokuuliza.

Baada ya namba, majina. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA au namba yake, na kadi ya benki kama ipo. Soma herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed Juma Salum, cheti cha shule kinasema Muhammad J. Salum, na benki wameandika Salum Mohamed. Kwenu nyumbani ni mtu mmoja. Kwa mfumo ni watu watatu. Kwa sababu vyeti vya mitihani ni vigumu kubadilishwa, mara nyingi ni rahisi zaidi kuvuta nyaraka nyingine zifuate jina la shule: kosa la herufi kwenye cheti cha kuzaliwa linapelekwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kurekebishwa, na tofauti kubwa ya majina inahitaji hati ya kiapo iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa kunakohusika. Yote mawili yanakula wiki kadhaa. Ndiyo maana nikasema Machi.

Uhakiki wa vyeti

Kuwa na cheti cha kuzaliwa peke yake hakutoshi. Lazima RITA wathibitishe kwamba kweli kimo kwenye daftari lao. Kwa waliozaliwa Zanzibar, kazi hiyo ni ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Kwa RITA unaingia kwenye mfumo wao wa eRITA, unafungua akaunti, unapakia picha safi ya cheti, unalipa ada kwa namba ya malipo, kisha unasubiri jibu. Jibu likija utapata namba ya uhakiki, na hiyo ndiyo utakayoijaza kwenye ombi la mkopo. Iandike mahali pawili.

Cheti kikikataliwa, sababu huwa ni picha isiyosomeka au cheti chenyewe kutokuwa na kumbukumbu. La kwanza ni la dakika kumi: nenda steshenari wakaskani vizuri, maana picha ya simu iliyopigwa kitandani chini ya taa ya njano ndiyo inayosumbua wengi. La pili linakupeleka ofisi ya msajili wa wilaya, ambayo kwa kawaida iko ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ukiwa na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, chochote kinachoonyesha ulizaliwa lini na wapi.

Waliozaliwa nje ya nchi, au wazazi wao walifariki nje na cheti cha hapa hakipo, wanaomba barua RITA, au kwa wakala wa Zanzibar, ya kueleza hali hiyo. Usiache nafasi wazi ukitumaini itaeleweka.

Ushahidi wa hali ya familia

Hapa ndipo mkopo unapopatikana au kukosekana, kwa hiyo nenda nami taratibu.

Bodi inapanga waombaji kwa uhitaji. Inatazama kama una wazazi, kama wewe au mzazi mna ulemavu, kama kaya yenu iko kwenye mpango wa TASAF, wazazi wanafanya kazi gani, na nani alikulipia shule. Kila kimoja kati ya hivi kina karatasi yake.

Uyatima unathibitishwa kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa, kwa njia ile ile ya cheti cha kuzaliwa. Kibali cha mazishi hakitoshi, barua ya mtendaji haitoshi, picha ya kaburi ndiyo kabisa. Familia nyingi za vijijini zilimzika baba miaka kumi iliyopita bila kusajili kifo, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Sasa ndipo Bodi inapouliza. Usajili wa kuchelewa unawezekana ofisini kwa msajili wa wilaya: beba barua ya mtendaji wa kijiji, kibali cha mazishi au taarifa ya hospitali kama ipo, na vitambulisho vya wanaotoa taarifa. Kazi hii aifanye mama au baba mdogo, si wewe uliye kambini.

Na kwa kuwa tuko hapo: wapo akina baba waliokwisha kuuawa na watoto wao kwenye karatasi huku wao wenyewe wako kijiweni wanakunywa kahawa na kashata. Vyeti vinahakikiwa kwenye daftari la serikali, na taarifa ya uongo kwenye ombi ni kosa la kisheria lenye jina lako na saini yako chini yake. Kama baba yupo ila alishaondoka na hajulikani aliko, eleza hivyo hivyo kwenye nafasi uliyopewa, jaza taarifa za mama kikamilifu, na serikali ya mtaa itakayosaini fomu iwe inaijua hali hiyo.

Ulemavu una fomu yake, inayosainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Usiende bila taarifa za awali za hospitali. TASAF ni rahisi zaidi: unahitaji namba ya kaya, ambayo iko kwenye kitambulisho cha mnufaika. Wengi wana bibi anayelipwa na TASAF, nao wameishi kwake tangu darasa la kwanza, halafu kwenye ombi hawaigusi namba hiyo kwa sababu "ni ya bibi". Kama umo kwenye kaya hiyo, ni yako pia.

Sasa suala la shule. Kwa namba yako ya mtihani, Bodi inajua ulisoma wapi. Kama ulisoma shule binafsi ya ada ya milioni kadhaa, mfumo unachukulia kwamba nyumbani kuna mtu aliyekuwa anazilipa milioni hizo. Kama kweli alikuwa mzazi, basi. Lakini kama ulilipiwa na kanisa, taasisi, mjomba au shule yenyewe ilikusamehe ada, sema na uthibitishe: kuna fomu ya ufadhili inayojazwa na kusainiwa na aliyekufadhili. Nimeona watoto yatima kabisa waliosomeshwa na masista wakishindwa kwenye kipengele hiki, kwa kuwa walidhani kutaja mfadhili kutawaonyesha kama wana uwezo. Ni kinyume chake. Usipomtaja, ada ile anabebeshwa mama yako.

Kuhusu kipato cha mzazi asiye na mshahara, acha kuandika namba ya kubuni. Kaa naye. Mama anauza mboga sokoni: ananunua mafungu ya shilingi 15,000 asubuhi, jioni ana 21,000, nauli na ushuru vinakula 2,000. Faida ni 4,000, na anauza siku sita kwa wiki. Hiyo ni takriban 100,000 kwa mwezi. Andika hiyo. Sifuri inatia shaka, kwa sababu hakuna kaya inayoishi kwa sifuri, na "laki tano" ya kujivuna mbele ya karani wa steshenari itakugharimu miaka mitatu ya chuo.

Kujaza ombi

Mfumo wenyewe unaitwa OLAMS, anwani ni olas.heslb.go.tz. Kabla ya kuufungua, pakua mwongozo wa mwaka husika kwenye tovuti ya Bodi, heslb.go.tz. Unatolewa kila mwaka, upo kwa Kiswahili, na masharti madogo madogo hubadilika. Mwongozo wa mwaka jana aliokutumia dada yako kwenye WhatsApp unaweza kukupoteza.

Unajisajili kwa namba ya kidato cha nne. Tumia namba ya simu na barua pepe zako mwenyewe, unazoweza kuzifungua usiku wa manane mbele ya chuo usichokijua. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu ya vishoka. Kijana wa steshenari anakufungulia akaunti kwa barua pepe yake, anaweka nywila yake, anakulipisha. Mwezi Novemba unataka kurekebisha akaunti ya benki, yeye kafunga duka kahamia Kahama. Akusaidie kuskani na kuchapa, sawa. Nywila uiandike wewe.

Mfumo utakupa namba ya malipo, unayoilipia kwenye simu yako kwa menyu ya malipo ya serikali au benki. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, hairudishwi, inalipwa mara moja. Anayekuambia kuna ada ya pili ya "kuharakisha" ni tapeli, hata akivaa kitambulisho shingoni.

Kisha unajaza: taarifa zako, elimu, wazazi, mdhamini, benki. Fanya kwa vikao viwili, si kimoja. Cha kwanza jaza, cha pili mpe mtu mwingine akusomee kwa sauti huku wewe umeshika vyeti. Akaunti ya benki iwe kwa jina lako mwenyewe na iwe hai. Akaunti uliyofunguliwa ukiwa kidato cha kwanza na haijaguswa miaka mitatu huenda imelala, kwa hiyo weka hata elfu tano uone kama inapokea. Picha ya pasipoti iwe ya karibuni. Faili ziwe PDF, zisomeke, na zisizidi ukubwa unaoonyeshwa.

Muhuri wa mtaa, wakili na mkataba

Ukimaliza kujaza, unapakua fomu na mkataba, unachapa, na safari ya saini inaanza. Unasaini wewe, anasaini mdhamini, anasaini kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji (kwa Zanzibar ni sheha), na mwisho wakili, hakimu au kamishna mwingine wa viapo anashuhudia.

Mdhamini anaweza kuwa mzazi au mlezi. Awe na kitambulisho kinachokubalika: cha NIDA, cha mpiga kura, leseni ya udereva, pasipoti au cha Mzanzibari mkaazi. Nenda naye, usibebe fomu ya kusainiwa baadaye, kwa sababu saini zinazofanana mwandiko ndizo zinazorudishwa.

Ofisi ya mtaa nenda asubuhi, na usiende kama unayedai haki tu. "Shikamoo mwenyekiti, mimi ni mtoto wa mama Rehema wa kule bondeni, naomba mkopo wa chuo." Atakuuliza mawili matatu, atasoma, atasaini. Hakikisha muhuri unasomeka jina la mtaa na tarehe. Muhuri uliokauka wino ni kurudi tena kesho. Ukiombwa mchango wa ofisi, omba na risiti. Kwa wakili, uliza bei kabla hajafungua kalamu, na mkiwa wengi kutoka mtaa mmoja nendeni pamoja, wengi hupunguza.

Hapo kwa wakili, soma mkataba. Dakika kumi na tano tu. Ukishaajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Mwajiri wako ana siku 28 za kuitaarifu Bodi kwamba amekuajiri. Zamani deni lilikuwa likiongezeka kwa tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, nayo ilifutwa mwaka 2021 pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Iliyobaki ni asilimia 1 ya uendeshaji, inayotozwa mara moja. Kwa hiyo hofu ya wajomba waliohitimu zamani, kwamba deni litakua mpaka uzeeni, ni ya enzi nyingine. Lakini asilimia 15 ya mshahara wa kuanzia inauma. Mwalimu mpya ataiona kila mwisho wa mwezi.

Kurasa zilizosainiwa ziskaniwe na kupakiwa kwenye mfumo, kisha ubonyeze kuwasilisha. Wapo wanaopakia kila kitu na kuishia hapo. Ombi lisilowasilishwa ni rasimu. Rudi uingie tena kesho yake uthibitishe hali ya ombi imebadilika, piga picha ya skrini, na karatasi za awali zenye wino uzihifadhi, utaulizwa.

Bodi ikikagua na kuona kasoro, hutoa muda wa kusahihisha. Taarifa inakuja kwenye akaunti yako, si kwa barua. Ingia mara moja kwa wiki.

Majibu, na kama jina halipo

Majibu yanatoka kwa awamu, kwa kawaida kuanzia Oktoba. Kila mmoja anaangalia kwenye akaunti yake ya kudumu ya mwanafunzi, SIPA, ndani ya mfumo ule ule. Orodha za majina zinazozunguka kwenye magrupu usizitegemee. Kukosa awamu ya kwanza maana yake mara nyingi ni kwamba udahili wako haukuwa umekamilika: ulichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja na hujathibitisha kimoja, au chuo bado hakijatuma taarifa. Thibitisha chuo haraka.

Utakachopangiwa kinaweza kuwa kamili au sehemu. Fungua kila fungu uone, maana mtu anaweza kupewa chakula chote na ada nusu, akafurahi, akashtuka chuoni anapodaiwa laki tano kabla ya kuruhusiwa mtihani.

Awamu zikiisha, hufunguliwa dirisha la rufaa. Rufaa inayoandika "naomba mnifikirie, maisha ni magumu" haina kipya cha kuangaliwa. Rufaa yenye cheti cha kifo kilichohakikiwa wiki iliyopita, fomu ya ufadhili iliyosahaulika, au taarifa ya daktari wa baba aliyepooza Agosti, hiyo inabadilisha hesabu. Pita dawati la mikopo la chuo kabla ya kuituma. Maafisa mikopo wameona mia kama yako na watakuambia kilichopungua.

Bumu la kwanza

Kati ya kufika chuoni na fedha ya kwanza kuingia kuna wiki. Wakati mwingine nyingi. Lazima usajiliwe chuoni, jina lako liende Bodi, fedha zije, kisha usaini. Kusaini siku hizi ni kwenye mfumo, na asiyesaini ndani ya muda fedha yake hurudishwa Bodi hata kama jina lipo. Kwa hiyo nyumbani wakupe nauli, godoro, na chakula cha mwezi mmoja walau. Mchele wa kubeba, maharage, dagaa. Familia zinazouza mbuzi wote Agosti kwa ajili ya ada ya kuanzia, zikiamini bumu litakuwepo siku ya kuripoti, ndizo ambazo mtoto wao anakopa chumbani wiki ya pili.

Fedha ya siku 60 kwa kiwango kamili ni shilingi 600,000, na inakuja kwa mkupuo. Lipa kodi ya chumba kwanza, siku hiyo hiyo. Kilichobaki gawa kwa wiki nane. Simu mpya itasubiri.

Mwaka wa pili na kuendelea

Huombi upya kila mwaka, lakini mkopo hauendelei wenyewe. Chuo kinapeleka matokeo yako Bodi, na matokeo ndiyo yanayofungua malipo ya mwaka unaofuata. Ukidisko, yaani ukiondolewa chuoni kwa kufeli, umeishia hapo. Ukirudia mwaka, usitarajie kulipiwa mwaka ule ule mara mbili. Ukiugua au ukajifungua na kulazimika kuahirisha, andika barua, chuo kikubalie rasmi, na nakala ifike dawati la mikopo kabla hujaondoka. Anayeondoka kimya hukuta malipo yamesimama na hakuna anayejua kwa nini. Ukihama chuo, uhamisho wa mkopo ni ombi la peke yake baada ya uhamisho wa masomo kukubaliwa, na ada ya chuo kipya ikizidi, tofauti unaibeba wewe. Namba ya simu au benki ikibadilika, badilisha kwenye mfumo wiki hiyo hiyo, ukiwa na kadi ya zamani bado mkononi.